Punda wa Dodoma na Daftari la Missouri

Wenzangu hapa Dodoma hunicheka wakijua ninachofuatilia jioni baada ya kazi: vyama vya wafugaji wa farasi wa Marekani. Si mbio za farasi, si kamari, si filamu za koboi. Vyama. Mikutano ya mwaka, ada za uanachama, orodha za madume na majike, ugomvi wa makatibu. Nakubali kwamba katika mkoa ambao mtoto anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona farasi ana kwa ana, hayo ni mapenzi ya ajabu. Lakini ninayo sababu, na sababu yenyewe ina masikio marefu.

Nianze na farasi. Farasi wa kawaida hutembea, huenda matiti (mwendo wa kudundadunda), huenda mghadi (mbio za polepole), na akiachiwa kabisa hutoka shoti. Matiti ndiyo adhabu ya mpandaji. Mguu wa mbele wa kulia huondoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na katikati kuna punde ambapo mnyama mzima yuko hewani. Akitua, kiuno chako kinapata habari. Wako farasi wengine ambao badala ya matiti huenda telki: kwato hugusa ardhi kwa zamu, moja, mbili, tatu, nne, na hakuna wakati ambapo miguu yote imeiacha ardhi. Mpandaji hukaa tuli kutwa nzima. Tennessee wanao wa kwao, Kentucky vilevile, Missouri, Peru, Kolombia na Iceland pia, na kila upande utakuapia kwamba wake ndiye laini kuliko wote. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya siri hiyo iko katika badiliko la jeni moja, DMRT3, inayohusika na neva za uti wa mgongo zinazopanga zamu za miguu. Farasi wa telki wa nchi zilizotengana kwa bahari walikutwa na badiliko lilelile.

Kwa hiyo mwendo ni wa kuzaliwa nao. Ila jeni haijui kuchagua dume wa kupanda jike gani. Hilo huamuliwa na watu, na watu wasipoandika walichoamua, baada ya vizazi vitatu hakuna anayejua nani ni mtoto wa nani.

Missouri ndiyo iliyonivuta zaidi. Kusini mwa jimbo hilo kuna vilima vya Ozark, nchi ya mawe na misitu, na wakulima waliohamia huko karne ya 19 hawakuwa na uwezo wa kufuga farasi wa jembe, farasi wa gari na farasi wa kupanda kila mmoja na kazi yake. Walitaka mmoja afanye yote: alime, aburute magogo, ampeleke daktari kwa mgonjwa usiku, na Jumapili awapeleke kanisani bila kumtikisa bibi. Wakawachagua wenye mwendo ambao wenyewe huueleza hivi: mbele anatembea, nyuma anakwenda matiti. Huyo ndiye Missouri Fox Trotter. Mwaka 1948, wakati magari na matrekta yalikuwa yameshaanza kumfuta kazi, watu wa mji mdogo wa Ava waliunda chama na kufungua daftari la nasaba. Kisha moto ukateketeza kumbukumbu zote. Mwaka 1958 wakajipanga upya, wakaanza kuandika tena. Leo Ava bado ndiyo makao yao, na mwaka 2002 jimbo lilimtangaza kuwa farasi wake rasmi.

Sehemu ya moto nimeisoma mara nyingi. Kikundi chetu chochote kingeweza kuishia pale: daftari limeungua, basi, tuonane kwenye misiba. Wao walianza tena kwa sababu kilichoungua kilikuwa karatasi. Watu waliomjua farasi fulani kuwa mtoto wa fulani walikuwa bado wanakutana.

Na kukutana huko ndiko kazi hasa ya vyama vya mikoa. Ukisikia jina la chama cha koosafu fulani, yaani aina ya mnyama ambayo damu yake imetunzwa, unafikiri ni maabara na wataalamu wenye makoti meupe. La. Chama kikuu hutunza daftari na kanuni. Matawi ya mikoani ni kama VICOBA ya farasi, yana siku yake, ada yake, mwenyekiti asiyetaka kuachia kiti, na chakula ambacho kila mmoja anachangia. Shughuli kubwa ni msafara: watu wanapakia farasi, wanakutana kwenye njia ya msituni, wanapanda pamoja saa kadhaa, mgeni anajifunza kwa mwenyeji. Wakati mwingine wanasafisha zile njia, wanakata matawi yaliyoanguka. Wanamwita fundi wa kwato awafundishe kutunza miguu. Wana siku ya watoto. Wanashiriki gwaride za miji midogo. Halafu wana mashindano, ya mkoa na yale makubwa ya mwaka.

Hapo kwenye mashindano nitakaa kidogo, maana Watanzania tukisikia chama cha mifugo tunachokiona kwanza kichwani ni kombe, utepe, mgeni rasmi na picha.

Tennessee Walking Horse ana chama tangu mwaka 1935, huko Lewisburg. Mashindano yake makubwa hufanyika Shelbyville tangu 1939, na washabiki hujaa uwanjani kwelikweli. Tatizo lilianzia kwa majaji. Walianza kupendelea farasi anayeinua miguu ya mbele juu sana, kwa mbwembwe, mwendo ambao hakuna mkulima aliyewahi kuuhitaji. Basi wakufunzi wengine wakatafuta njia ya mkato: kumpaka farasi kemikali kali juu ya kwato, mafuta ya haradali, hata dizeli au mafuta ya taa, kisha kumfunga minyororo inayogonga palepale kwenye kidonda. Farasi anainua mguu kwa maumivu, uwanja unapiga makofi. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda farasi hao mwaka 1970, na bado mchezo haukuisha. Mwaka 2006 wakaguzi waliwazuia farasi wengi kiasi kwamba taji kuu la Shelbyville halikutolewa kabisa.

Fikiria hilo. Mnyama aliyependwa kwa sababu hamchoshi mtu, akaishia kuteswa ili awafurahishe watu waliokaa kwenye viti. Chama kilikuwepo, daftari lilikuwepo, nasaba zote ziko sawa. Kilichopotoka ni kipimo. Ukitoa zawadi kwa mguu ulioinuka, utaletewa mguu ulioinuka, na hutaulizwa umeinukaje.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye masikio marefu.

Ukitoka mjini kuelekea Mvumi, Bahi au Chamwino, mashine inayoendesha maisha ya watu ni punda. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, yeye ndiye bomba la maji. Mwezi wa sita na wa saba ndiye lori la mtama, uwele na alizeti kutoka shambani. Anabeba kuni, anabeba saruji, anapeleka mgonjwa barabarani akasubiri gari. Mwanamke mwenye punda ana saa kadhaa za siku ambazo jirani yake asiye na punda hana. Hata hivyo mnadani, ng'ombe anazungumzwa kama bwana harusi: umri, meno, nundu, rangi, alikotoka. Punda anaulizwa bei.

Thamani yake tuliiona alipoanza kupotea. Ngozi ya punda huchemshwa kupata ejiao, dawa ya asili ya Kichina, na soko hilo lilipokuwa kubwa kuliko punda wa China wenyewe, wanunuzi wakageukia Afrika. Hapa Tanzania viwanda vya kuchinja punda vilikuwa viwili, kimoja hapa Dodoma na kingine Shinyanga. Serikali ilisitisha uchinjaji mwaka 2017, kazi ikarudi, na mwaka 2022 likaja katazo la miaka kumi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka kumi na mitano.

Nilifurahi, kama kila mtu anayeteka maji. Ila punda hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kijiji kilichouza majike yake kwa msimu mmoja wa bei nzuri hakiyarudishi kwa misimu miwili. Zaidi ya hapo, punda wazuri ndio waliotangulia, maana mnunuzi wa ngozi hataki kimbaumbau. Katazo linaweza kuzuia kisu, haliwezi kukuambia ni majike gani waliobaki wana damu ya wale wazuri.

Huko ndiko daftari linakosekana. Si kwamba maarifa hayapo. Nilikwenda kumtembelea mzee mmoja upande wa Mvumi ambaye watu humsifia punda wake.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Wa mjini mmekosa maji tena?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza habari za punda. Akacheka, akamwita kijana amlete jike mmoja wa kijivu mwenye msalaba mweusi mgongoni. Akaanza kunitajia: mama yake huyu alinunuliwa Bahi, bibi yake waliletewa na Wataturu kutoka Singida, mwaka wa njaa, kwa kubadilishana na mbuzi. Dume aliyempanda mama yake alikuwa wa shemeji, mkali lakini mwendo safi. "Huyu hatikisi mzigo," alisema. "Dada yake tuliyemuuza alikuwa anatikisa, kifuniko cha dumu kikiwa kibovu unafika na nusu." Kisha akampiga kidogo kwa kiganja, jike akaondoka kwenye njia ya mchanga, na kweli mgongo ulikwenda umenyooka, miguu inafanya kazi chini kwa chini.

Vizazi vitatu, mama kwa mama, sababu za kuuza na sababu za kubakiza. Katibu wa Ava angempa kiti cha mbele. Nikamuuliza nani mwingine anayajua haya. Akafikiri. Mkewe, akasema, na shemeji, lakini shemeji sasa anasahau.

Mara nyingi huulizwa kwa nini nisijishughulishe na farasi wenyewe kama nawapenda kiasi hiki. Jibu ni fupi. Kwanza fedha. Pili, nchi hii haijawahi kuwa rafiki wa farasi: mbung'o wana ugonjwa wao wa nagana, na visubi hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ukimpata farasi asiyechanjwa mara nyingi humuua ndani ya siku chache. Punda na pundamilia huambukizwa virusi hivyo na kwa kawaida huendelea na shughuli zao. Farasi tunao, Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na Arusha kuna wa watalii. Lakini mnyama wa nchi kavu hii ni punda, na sioni haja ya kumwonea aibu.

Kuna mfano wa karibu zaidi kuliko Missouri, nao unaniuma. Mpwapwa ina kituo cha mifugo tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1905. Pale wataalamu walitengeneza ng'ombe kwa ajili ya ukame wa kanda hii: damu ya Red Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi kwa sehemu kubwa, zebu wetu wa pembe fupi, Boran, na chembe ya ng'ombe wa Ulaya kama Ayrshire. Maziwa kuliko zebu, nyama nzuri, uvumilivu wa malisho duni. Akatambuliwa rasmi kama koosafu, ng'ombe wa Mpwapwa, mwaka 1958. Mwaka uleule watu wa Ava walikuwa wanafungua daftari lao la pili.

Tazama basi njia mbili zilivyoachana. Ng'ombe wa Mpwapwa alikuwa na sayansi, mashamba ya serikali, daftari safi kuliko lile la wakulima wa Ozark. Hakuwa na watu. Daftari lilikaa kituoni, na mitamba na madume yaliyokwenda vijijini yaliingia katika makundi ya kawaida, wakapandana na waliokuwepo, na vizazi vyao vikawa chotara wasiojulikana. Baadaye kila mwenye hamu ya maziwa akataka mbegu ya Friesian. Leo watafiti wa mifugo wanamtaja ng'ombe huyu miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Simlaumu mtu wa kituo. Wao wamemshikilia hadi leo. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na wafugaji hamsini wa Kongwa na Mpwapwa wanaobishana kila mwaka ni fahali wa nani aliye bora, wakila nyama na kuandikana majina. Mnyama mwenye wenyewe hamsini hafi kwa sababu bajeti ya mwaka mmoja imekatwa.

Iceland wao wamekwenda mbali hadi wanatisha. Farasi wao akitoka kisiwani, hata kwa mashindano ya wiki moja, haruhusiwi kurudi tena, kwa hofu ya magonjwa. Mkutano mkuu wa farasi wao, Landsmót, ulianza mwaka 1950. Nasaba zimewekwa kwenye kanzidata moja, WorldFengur, ambamo mwenye farasi Ujerumani anaweza kumfuata bibi wa bibi wa farasi wake hadi shamba alilozaliwa. Sisi hatuhitaji ukali huo. Lakini kumbuka ni nchi yenye watu wachache kuliko mkoa wa Dodoma.

Ninachopendekeza, basi, ni chama kidogo cha punda wa kanda ya kati. Kila nikilitaja, swali la kwanza ni mfadhili nani, la pili ni tutashindana lini. Mfadhili simtaki kwa sasa, maana akija na gari lake chama kitakuwa chake na akiondoka kitaondoka. Kuhusu mashindano nina msimamo: tuanze na msafara. Lamu wana mbio zao za punda wakati wa Maulidi, nazo zina raha na historia yake, ila Lamu punda ni wa vichochoro na watu wake wamezoea kumpanda. Huku kwetu ukitangaza mbio leo, kesho kuna kijana anamchoma punda na msumari ili afike kwanza. Tutakuwa tumeifungua Shelbyville yetu kwenye mchanga wa Handali.

Msafara ni jambo jingine. Mvumi hadi Handali, kwa mfano, asubuhi mapema, kila mtu na punda wake na mzigo wa kawaida. Afisa mifugo wa kata anamkagua kila mnyama kabla hajaondoka na baada ya kufika: vidonda vya mgongoni na mabegani, kwato, kupumua, hali ya mwili. Mfano wa kuiga ninao. Kule California kuna safari ya farasi ya maili 100, karibu kilomita 160, iitwayo Tevis Cup, inayofanyika tangu 1955, na madaktari wa mifugo humtoa njiani farasi yeyote asiyefaa kuendelea. Pamoja na kikombe cha wa kwanza kuna kingine, Haggin Cup, cha farasi aliye katika hali bora miongoni mwa kumi waliotangulia kufika. Mimi kile cha kwanza ningekiacha hukohuko, nikachukua cha pili. Zawadi iende kwa punda asiye na kidonda, na iwe kitu cha maana: tandiko lililoshonwa vizuri, lenye sponji, lisilochubua. Baada ya misafara miwili utawaona watu wanaanza kuuliza tandiko lile limeshonwaje. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini sijaona sheria inayoponya mgongo wa punda haraka kama wivu wa jirani.

Na siku hiyohiyo, watu wakiwa wamekaa kivulini wanakula, ndipo daftari linafunguliwa. Jina la mwenye mnyama, kijiji, rangi, alama, umri kwa meno, mama yake, baba yake kama anajulikana, na mwendo wake kwa maneno ya mwenyewe. Nakala mbili, moja ofisi ya kata na moja kwa katibu, na picha za kurasa zote kwenye simu za vijana watatu. Ule moto wa Missouri umeshatufundisha.

Wakati mzuri ni mwishoni mwa mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani na kabla watu hawajaanza kumiminika Nanenane pale Nzuguni. Mzee wa Mvumi nilipompelekea wazo hili alikubali yote isipokuwa jambo moja. Mimi nilitaka wale wanaojulikana kwa kupiga na kupakia kupita kiasi wasiandikishwe. Yeye akakataa. Alisema punda wa mtu mbaya naye ana mama, na huenda mama yake ni yule aliyemuuza yeye mwenyewe. Waandikwe wote, akasema, na wale wapigaji wasomewe majina ya vidonda mbele ya wake zao. Tumekubaliana kubishana tena hilo kwenye kikao cha kwanza, na daftari nimeshanunua, lile kubwa la jalada gumu la kurasa mia mbili.